Mtoto mwenye mtindio wa ubongo: tusiamue kwamba haoni kabla ya kumpima

Leo nataka tuongee juu ya watoto ambao hawasikiki sana kwenye redio: watoto wenye mtindio wa ubongo. Ndio wale ambao kwenye fishi ya hospitali mganga anaandika herufi tatu, IMC, na mtaani watu wanawapa majina ambayo sitayarudia hapa.

Mama akipokea fishi ile, anauliza maswali mawili. Mtoto wangu atatembea lini? Atasema lini? Ni maswali ya haki. Lakini kuna swali la tatu ambalo karibu hakuna anayeliuliza, si mzazi, si muuguzi, si jirani: huyu mtoto anaona nini, na anaona namna gani?

Maoni yangu ni haya, na nitayatetea hadi mwisho. Kila mtoto mwenye mtindio wa ubongo katika mji wetu anapaswa kupimwa namna anavyoona, kabla ya mtu yeyote kuamua kwamba ni kipofu, kwamba haelewi, au kwamba shule si yake. Na kazi hiyo inaweza kuanza hapa hapa Kisangani, bila kungojea mashine ipande mto kutoka Kinshasa.

Kwanza tuelewane juu ya ugonjwa wenyewe. Mtindio wa ubongo si uchawi, si laana ya ukoo, wala hauambukizi. Ni jeraha au kasoro iliyotokea kwenye ubongo wakati ubongo bado unakua: mtoto akiwa tumboni, wakati wa kuzaliwa, au katika miaka yake ya kwanza. Mtoto aliyekosa hewa kwa sababu uzazi ulichelewa. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati. Mtoto mchanga aliyekuwa wa manjano sana na hakutibiwa haraka. Mtoto aliyepata meninjite, au malaria iliyopanda kichwani. Sababu hizi sisi wa Tshopo tunazijua vizuri, maana tunaishi nazo.

Watoto hawa si wachache. Jirani zetu wa Uganda walifanya uchunguzi mkubwa katika wilaya za Iganga na Mayuge, wakapita nyumba kwa nyumba, wakaangalia watoto zaidi ya 31,000. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017: karibu watoto 3 katika kila watoto 1000 walikuwa na mtindio wa ubongo. Kisangani ina watu zaidi ya milioni moja, na karibu nusu yao ni watoto. Kama hali yetu inafanana na ile ya Uganda, basi tunaongea juu ya watoto zaidi ya elfu moja katika mji huu peke yake. Wako wapi? Wengi wako ndani ya nyumba, wamelazwa mgongoni juu ya mkeka, wanatazama mabati.

Sasa tuje kwenye macho. Watu wengi wanafikiri kwamba kuona ni kazi ya jicho tu. Jicho likiwa safi, mtu anaona. Jicho likiwa bovu, haoni. Lakini ninyi mnaosikiliza redio mtanielewa haraka. Jicho ni kama antena. Antena inapokea, lakini chombo kinachogeuza mawimbi yale kuwa sauti ya mtu ni redio yenyewe. Antena inaweza kuwa nzima kabisa, lakini kama ndani ya redio waya umekatika, utasikia makelele tu, au utasikia leo na kesho husikii. Ubongo ndio redio ya macho. Sehemu kubwa ya ubongo inafanya kazi ya kuona: kutambua sura ya mama, kujua kikombe kiko umbali gani, kutofautisha mtu na ukuta. Jeraha lililoharibu njia za mikono na miguu linaweza kuharibu na njia hizo pia.

Ndiyo maana mzazi anaweza kumpeleka mtoto kwa mganga wa macho, mganga akamulika tochi, akasema, «Macho ni mazima, mama, rudi nyumbani.» Mganga hakudanganya. Macho ni mazima kweli. Lakini mtoto bado haoni vizuri, na mama anarudi nyumbani akiwa na hukumu mbaya zaidi kichwani: kama macho ni mazima na bado hanitazami, basi mwanangu hana akili. Hapo ndipo kosa linapoanza.

Kuna dalili ambazo wazazi wengi wanaziona kila siku bila kujua kwamba zina maana. Mtoto anatazama mwangaza wa dirisha au taa muda mrefu, lakini hatazami uso wa mtu. Mtoto haoni kitu kikiwa kimetulia, lakini kikitikiswa anakigeukia. Mtoto anaona kijiko chekundu na haoni kijiko cha rangi ya aluminiamu. Mtoto anatambua kikombe chake cha kila siku, lakini kikombe kipya ni kama hakipo. Mtoto anaona asubuhi, na jioni akichoka haoni. Mtoto anakanyaga vitu vilivyo chini, kwa sababu sehemu ya chini ya anachokiona imekatika. Na dalili moja ambayo inawakasirisha watu wengi: mtoto anatazama kitu, halafu anageuza kichwa pembeni ndipo ananyosha mkono kukichukua. Shangazi anasema, «Huyu hana nia, anachezea watu.» Hapana, shangazi. Ubongo wake unashindwa kufanya kazi mbili kwa pamoja, kutazama na kunyosha mkono, basi anafanya moja baada ya nyingine. Huyo ni mtoto anayejitahidi sana.

Tena si ubongo peke yake. Watoto wenye mtindio wa ubongo wanapata mara nyingi zaidi kuliko watoto wengine matatizo ya jicho lenyewe: makengeza, kuona karibu tu au mbali tu, na macho yanayoshindwa kujirekebisha ili kuona kitu kilicho karibu. Hili la mwisho ni kubwa. Mtoto anaweza kuona mti ulio mbali, lakini kitabu au sahani iliyo mbele yake ni ukungu. Mtoto wa namna hiyo anaweza kusaidiwa na lunetti za kawaida za kuonea karibu. Fikiria basi mtoto ambaye miaka 6 amehesabiwa kuwa hana akili, na kumbe alihitaji vioo viwili tu!

Kupima kwenyewe kunafanyikaje kwa mtoto ambaye hasemi, hasomi herufi ukutani, na mikono yake haimtii? Wataalamu walijiuliza swali hilo zamani, na majibu wanayo. Wanajua kwamba mtoto, hata mchanga, akionyeshwa sehemu mbili, moja ya kijivu tupu na nyingine yenye mistari meusi na meupe, macho yake yanaenda kwenye mistari. Hakuna haja ya kumwuliza kitu. Mpimaji anaangalia macho yanaelekea wapi. Anaanza na mistari minene, anaendelea na myembamba zaidi na zaidi, mpaka mtoto haonyeshi tena tofauti. Hapo anajua kipimo. Ndivyo zinavyofanya kazi kadi zinazoitwa Teller. Mganga wa macho wa Finland, Lea Hyvärinen, naye alitengeneza vipimo vya namna hiyo, vingine vikiwa kama vipande viwili vya ubao vyenye mpini, vinavyoingia kwenye mfuko wa kawaida. Havihitaji umeme wa SNEL. Havihitaji mafuta ya jenereta.

Mwaka 2020 kikundi cha wataalamu, wakiongozwa na waganga wa Italia, walitoa pia utaratibu wa kuwapanga watoto wenye mtindio wa ubongo katika ngazi 5 kufuatana na namna wanavyotumia kuona katika maisha ya kila siku. Ngazi ya kwanza ni mtoto anayetumia macho yake kwa urahisi. Ya pili ni mtoto anayefaulu, lakini kwa mbinu zake mwenyewe, kama kugeuza kichwa au kusogeza kitu karibu. Ya tatu ni yule anayehitaji tumrekebishie vitu kidogo. Ya nne ni yule ambaye hata tukirekebisha sana anafaulu sehemu tu. Ya tano ni yule ambaye hatumii kuona hata tukirekebisha kila kitu. Utaratibu huu unanipendeza kwa sababu hauulizi mtoto amekosa nini. Unauliza: katika kula, kucheza na kuwatambua watu, macho yanamsaidia kiasi gani, na sisi tubadilishe nini? Swali hilo hata mama asiyesoma anaweza kulijibu, na mara nyingi analijibu vizuri kuliko mganga, kwa sababu mganga anamwona mtoto dakika 10 na mama anamwona mchana na usiku.

Ndiyo maana nawaambia wazazi: anzeni ninyi wenyewe kuangalia. Si kwa kuchukua nafasi ya mganga, bali ili mkifika kwake muwe na la kumwambia. Sikilizeni vizuri namna ya kufanya.

Chagueni saa ambayo mtoto ameshiba, hana homa, hana usingizi, na hakuanguka kifafa siku hiyo. Kama anakunywa dawa ya kifafa inayomlegeza, ngojeni saa anapokuwa macho zaidi. Mkalisheni vizuri, mgongo na kichwa vishikwe, kwa mfano mapajani pa baba aegemee kifua chake. Mtoto anayehangaika asianguke hana nguvu ya kutazama. Tandikeni nyuma ya kitu mnachomwonyesha kikwembe cha rangi moja, kisicho na maua, na zima redio, hata kama ni redio yetu.

Kisha chukueni kitu kimoja, chenye rangi kali, chekundu au cha njano, na msiseme neno. Hapa wengi wanakosea. Tunamwonyesha mtoto kitu huku tunamwita, «Tazama, papa, tazama hapa!» Mtoto anageuka. Tunafurahi: ameona! Lakini amesikia tu. Vilevile msipitishe mkono kwa haraka mbele ya macho yake ili kuona kama atapepesa, maana atahisi upepo. Wala msitumie chakula chenye harufu. Kitu kiwe kimya, kisicho na harufu, na kisonge polepole. Halafu ngojeni. Hesabuni polepole mpaka 20, hata 30. Ubongo wa watoto hawa unachukua muda mrefu, na wengi wanahesabiwa vipofu kwa sababu mpimaji aliondoa kitu kabla ya jibu kufika.

Jaribuni upande wa kulia, wa kushoto, juu na chini. Mtu mmoja akae mbele ya mtoto, mwingine asimame nyuma na kuleta kitu polepole kutoka pembeni, mtoto asimwone. Andikeni, au mwombeni mtoto mkubwa wa nyumbani aandike kwenye daftari: aligeuka upande gani, rangi gani, umbali wa hatua ngapi, saa ngapi. Fanyeni hivyo siku kadhaa. Daftari lile la kurasa chache litamfaa mganga kuliko maneno mengi.

Na kuna jambo ambalo halingoji daftari. Kama katikati ya jicho la mtoto, pale panapopaswa kuwa peusi, mnaona weupe, au usiku akimulikwa panang'aa weupe kama jicho la paka, nendeni hospitali wiki hiyohiyo. Inaweza kuwa mtoto wa jicho, ambao unapasuliwa. Inaweza kuwa kansa ya jicho, ambayo inaua. Katika hali zote mbili, kuchelewa ndiko kunakopoteza jicho, na wakati mwingine kunakopoteza mtoto.

Sasa nigeuke kwenu, ndugu zetu mliohama. Tangu Februari 2023, mgogoro wa ardhi kati ya ndugu zetu Wambole na Walengola ulichoma nyumba Lubunga na kwenye njia za Ubundu, na familia nyingi zikavuka mto bila kitu mkononi. Kwa mtoto mwenye uoni hafifu wa ubongo, kuhama kuna maumivu ya ziada ambayo hayaandikwi kwenye ripoti yoyote. Mtoto huyo anaona kwa kukumbuka. Nyumbani alijua kwamba mlango uko pale mwanga unapoingia, kwamba ile rangi ya buluu ni ndoo, kwamba kile kinachosogea jikoni ni nyanya. Siku mlipokimbia, mliacha pia ramani yake yote. Kambini kila kitu ni kipya, hema zinafanana, watu ni wengi, makelele hayaishi, vitu vimelundikana mahali pamoja. Na ubongo wake unashindwa hasa pale vitu vinapolundikana na makelele yanapozidi.

Basi mama anasema, «Kule kwetu alikuwa ananitazama. Tangu tufike hapa haoni tena.» Watu wanaanza kunong'ona kwamba mtoto amerogwa njiani. Nasema kwa sauti: kabla ya kutafuta mchawi, tafuteni kona tulivu. Tundikeni kikwembe cha rangi moja upande mmoja wa hema. Wekeni vitu vyake vitatu au vinne vilevile, mahali palepale, kila siku. Mama avae kitambaa cha rangi ileile kichwani akienda kumlisha, mtoto ajue ni yeye. Kama baada ya majuma machache anaanza kutazama tena, mmejua jambo kubwa. Kama hatazami, mwoneni mganga, kwa sababu huenda kuna ugonjwa mwingine, na malaria ya kichwa yenyewe inaweza kuondoa kuona kwa muda.

Kwa hiyo mtu anayempima mtoto wa kambini asimpime ndani ya umati wa watu wanaopanga mstari wa kadi ya chakula, halafu aandike «haoni». Apimwe mahali tulivu, na mzazi aulizwe: kabla ya vita alikuwa anaona nini?

Najua yatakayosemwa dhidi yangu, na ni haki yasemwe.

Wa kwanza atasema: watu wana njaa, wewe unatuletea habari ya macho? Ndugu yangu, kuona ni habari ya chakula. Mtoto ambaye haoni kijiko kinakuja anashituka kinapogusa mdomo. Anauma, anakaza shingo, anakohoa, uji unaingia njia ya hewa. Halafu ni kikohozi, homa, hospitali, deni. Akijulikana kwamba anaona upande wa kushoto tu, mama anakaa kushoto, anatumia kijiko chekundu, anamwambia «uji unakuja», anamgusa mdomo wa chini kwanza, anangoja afungue. Chakula ni kilekile, lakini sasa kinaingia tumboni. Katika kambi ambako kikombe cha uji ni hazina, hilo si jambo dogo.

Wa pili atasema: mkishapima mtafanya nini, maana ubongo hauna dawa? Ni kweli, jeraha la ubongo halifutwi. Lakini lunetti zipo. Upasuaji wa mtoto wa jicho upo. Na ubongo wa mtoto mdogo bado unajifunza: mtoto anayeonyeshwa vitu kwa namna anayoweza kuviona, kimoja kimoja, kwa rangi kali, kwa utulivu, anapata nafasi ya kutumia kuona alikonako. Mtoto asiyepimwa anaonyeshwa vitu kwa namna asiyoweza kuviona, kisha anaadhibiwa kwa kutoviona. Na hata kama kipimo kikisema mtoto haoni kabisa, bado ni msaada. Mzazi anaacha kulazimisha macho, anaanza kutumia sauti na mikono, na mtoto anapata mlango mwingine wa kujifunza.

Wa tatu atasema: wataalamu hatuna. Hapo anagusa kidonda. Waganga wa macho wa nchi hii ni wachache, na wengi wao wako Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,700 kwa njia ya mto. Mama wa Lubunga ambaye hana pesa ya toleka kumfikisha mjini atapanda boti gani? Lakini kazi niliyoieleza hapa haihitaji profesa kila siku. Muuguzi wa kituo cha afya anaweza kufundishwa kuuliza maswali kumi. Kine anayenyoosha miguu ya mtoto anaweza kutazama na macho yake. Mjumbe wa afya wa mtaa, yule tunayemwita RECO, anaweza kumwonyesha mama namna ya kujaza daftari. Mganga wa macho atabaki na wale wanaomhitaji kweli. Dar es Salaam, hospitali ya CCBRT, iliyoanza kama shirika mwaka 1994, inatibu macho na kuwahudumia watoto wenye ulemavu katika shirika moja. Sisi tuna vyumba vya macho na vyumba vya kine katika mji mmoja, lakini havisemezani. Mama ndiye anayetembea kati yao na mtoto mgongoni, na kila chumba kinamwangalia mtoto kipande.

Tena tusijifanye hatuoni yanayotokea pale ambapo hakuna kipimo. Mtoto asiyetazama watu usoni anaitwa ndoki. Anapelekwa kwenye chumba cha maombi, ananyimwa chakula ili pepo atoke, pesa ya mama inaisha, baba anahama nyumba. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kumshitaki mtoto kwa uchawi. Katiba yetu, kipengele cha 49, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya ulinzi maalum. Nchi yetu iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu mwaka 2015. Na tarehe 3 Mei 2022 ilitoka sheria nzima ya kulinda na kuendeleza haki za watu wanaoishi na ulemavu. Karatasi hazikosi. Kinachokosekana ni mtu wa kuinama mbele ya mtoto na kitu chekundu mkononi, akanyamaza, akangoja.

Kwa hiyo naomba mambo haya, na naomba kila mmoja achukue lake.

Wakuu wa afya wa jimbo na wa zoni za afya: wekeni swali la kuona kwenye fishi ya kila mtoto mwenye IMC, pamoja na uzito na kifafa. Lisipojazwa, fishi ihesabiwe haijakamilika. Tafuteni angalau seti moja ya kadi za mistari kwa mji mzima, izunguke kutoka kituo hadi kituo kwa siku zinazojulikana.

Waganga wa macho: msiishie kwenye neno «macho ni mazima». Ongezeni sentensi moja: «lakini tunapaswa kuangalia kama ubongo unayatumia.» Sentensi hiyo inaweza kuokoa ndoa na kumrudisha mtoto mezani.

Chuo Kikuu chetu cha Kisangani: wanafunzi wenu wa uganga wanatafuta mada za kumalizia masomo kila mwaka. Wahesabuni watoto hawa, wapimeni, mtuletee namba za Tshopo, tusibaki kuazima za Uganda.

Mashirika yanayogawa msaada kambini: mnapoandikisha walemavu, msiandike kiti cha magurudumu peke yake. Mtoto anaweza kuhitaji vyote viwili, kiti na kona tulivu ya kuonea.

Walimu na wakuu wa shule: mtoto akija akiwa amekaa kwenye kiti na hatazami ubao, msimrudishe nyumbani siku ya kwanza. Msogezeni mbele, mwandikieni herufi kubwa, moja kwenye ukurasa, kwa wino mweusi. Halafu ngojeni.

Na ninyi wazazi, hasa mama zetu, maana mara nyingi ninyi ndio mnaobaki: hamkumkosea mtoto wenu. Mtu akiwaambia haoni, mwulizeni kwa heshima, «Umempima namna gani, na ulingoja muda gani?» Akiwaambia anaona vizuri, mwulizeni swali lilelile. Hakuna mganga mwema atakayekasirika. Mkirudi nyumbani leo, tafuteni kikombe chekundu, kikwembe cha rangi moja na daftari la kurasa chache. Anzeni jioni hii kama mtoto hajachoka. Kama amechoka, anzeni kesho asubuhi.